Besi Ilikuwemo Tangu Mwanzo

Ukichomeka Game Boy ya zamani, ile nene ya kijivu iliyoanza kuuzwa Japani Aprili 1989, kwenye mixa ya ukumbini kwa kupitia tundu lake la hedfoni, kitu cha kwanza kusikika si muziki, ni mvumo. Unasikika kabla ya noti ya kwanza, unabaki pale noti zinaponyamaza, na fundi mitambo akipandisha sauti ili wimbo ufike nyuma ya ukumbi, nao unapanda. Besi inatoka nyembamba. Msikilizaji anaondoka akiamini kwamba amesikia mwisho wa uwezo wa kidude cha watoto. Hukumu hiyo si ya haki, na toleo hili tumeliandaa ili kuitengua.

Tuanze na kilichomo ndani. Chipu ya Game Boy ina njia nne za sauti. Mbili zinatoa mawimbi ya mraba ambayo upana wake unawekwa kwenye asilimia 12.5, 25, 50 au 75, na kila upana una ladha yake. Ya tatu inasoma wimbi ambalo mtunzi analichora mwenyewe kwa nukta 32, kila nukta ikiwa na ngazi 16 tu za kuchagua. Ya nne ni kelele tupu, na humo ndimo watunzi wanamopata ngoma na matoazi. Kila njia inaweza kupelekwa kushoto, kulia au pande zote mbili. Njia za mraba zinashuka hadi hezi 64. Ile ya wimbi la kuchora inafika hezi 32, chini kuliko uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne.

Kwa hiyo anayesema mashine hii haina besi hajaisikia. Amesikia kilichobaki baada ya sauti kupita njia mbovu.

Watu walioigeuza kuwa ala ya muziki waliligundua hilo mapema. Mwaka 1998 Oliver Wittchow, aliyekuwa mwanafunzi wa sanaa mjini Hamburg, alitengeneza nanoloop, programu iliyowekwa kwenye kaseti ya gemu na kumwezesha mtu kupanga midundo moja kwa moja kwenye Game Boy. Mwaka 2000 Johan Kotlinski wa Sweden akaja na Little Sound Dj, ambayo wapigaji wanaiita LSDj. Kwa vitufe vichache na kioo kisicho na rangi, mtu akaweza kutunga wimbo kamili kuanzia besi hadi ngoma. Tangu hapo muziki huu umetoka vyumbani. Nullsleep na Bit Shifter waliupandisha majukwaani New York, na tamasha la Blip Festival, lililoanza mjini humo mwaka 2006, likaukusanya pamoja. Na kadiri kumbi zilivyokua na spika zikawa kubwa, ndivyo kasoro ya lile tundu la hedfoni ilivyozidi kuwa wazi.

Kasoro yenyewe inaelezeka. Sauti ikitoka kwenye chipu inapita kwenye gurudumu la volyumu pembeni mwa mashine, kisha inaingia kwenye amplifaya ndogo. Amplifaya hiyo iliwekwa kwa kazi moja: kusukuma spika ndogo au hedfoni nyepesi kwa nguvu ya betri nne. Kazi hiyo inaiweza vizuri. Lakini inaongeza kelele yake yenyewe, inaokota na kelele za umeme unaolisha kioo na chipu, na besi ya chini kabisa inapungua humo humo. Mtoto aliyejilaza kitandani na Tetris yake hakupungukiwa kitu. Mwanamuziki aliye mbele ya umati anapungukiwa karibu kila kitu.

Dawa yake ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Wanaoifanya wanaiita prosaundi. Unafungua skrubu za nyuma, zikiwemo zile zilizojificha kwenye chumba cha betri, kwa bisibisi ya ncha tatu. Unatenganisha nusu mbili za mashine taratibu, maana zimeunganishwa kwa utepe mwembamba ambao ukichanika kioo kinakufa. Kwenye ukingo wa bodi unaliona gurudumu la volyumu, na nyuma yake miguu midogo ya chuma iliyolehemiwa. Mguu mmoja unapokea sauti ya kushoto, mwingine ya kulia, na mwingine ni wa athi. Unalehemu waya tatu nyembamba hapo, upande ambao sauti inaingilia, kabla gurudumu halijaigusa na kabla amplifaya haijaionja. Waya hizo zinakwenda kwenye soketi mpya, na kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye mixa. Pima kwa mita kabla ya kugusa, kwa kuwa mpangilio wa miguu unatofautiana kati ya aina moja ya mashine na nyingine. Na usiukalishe moto mahali pamoja: njia ya shaba kwenye bodi ikibanduka, kazi ya dakika chache inageuka ya siku nzima.

Tazama kilichofanyika hapo. Hakuna kifaa cha sauti kilichoongezwa, wala chipu mpya. Kizuizi kimoja kimekwepwa, na besi ambayo ilikuwa ikizaliwa na kufia ndani ya plastiki sasa inafika kwenye spika kubwa. Tofauti ya kushoto na kulia inakaa wazi. Noti ikinyamaza, kunakuwa na ukimya wa kutosha kwa mtunzi kuutumia kama sehemu ya wimbo.

Yapo na mambo ambayo dawa hii haiyafanyi, na tusimdanganye msomaji. Sauti inayotoka kwenye soketi mpya ni ndogo. Mixa ndiyo itakayoipandisha, na gurudumu la volyumu halitaidhibiti tena. Ukichomeka hedfoni hapo utasikia kidogo mno. Kelele nayo haiishi yote, hasa kwa mashine zilizowekewa taa ya kioo, kwa kuwa umeme wa taa unaweza kuleta mvumo wake.

Hoja nzito zaidi dhidi yetu inatoka kwa wasanii wenyewe. Wapo wanaosema mkwaruzo ndio roho ya muziki huu, na kuusafisha ni kuuua. Hatuwezi kuipuuza hoja hiyo, kwa sababu bara letu limeithibitisha. Konono N°1 ya Kinshasa, iliyoasisiwa na Mingiedi Mawangu, ilitia likembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, vinasa sauti vilivyoundwa kwa sumaku za magari mabovu, na mkwaruzo uliotoka humo ukawa uti wa mgongo wa muziki uliopendwa mbali sana na Kongo. Lakini Mawangu alikijenga kinasa chake kwa mikono yake. Aliujua mkwaruzo wake unatoka wapi. Anayepiga kupitia tundu la hedfoni kwa sababu hajui njia nyingine hajachagua chochote. Ameamuliwa na amplifaya. Prosaundi hailazimishi usafi. Tundu la zamani linaendelea kufanya kazi, na atakayetaka ukali anaweza kuutia baadaye kwa kiasi anachokitaka. Kelele iliyokwisha kuchanganyika na wimbo, kinyume chake, haitoki kirahisi. Tunachokitetea ni haki ya mtunzi kuamua.

Hoja ya pili ni ya wahifadhi. Game Boy pamoja na Game Boy Color ziliuzwa zaidi ya milioni 118, lakini hazitengenezwi tena tangu 2003, na kila moja inayoharibiwa haina mbadala wake. Hapa tunakubaliana na wahifadhi, na tunawataka wapigaji wakubaliane nao pia. Waya tatu zinaweza kuondolewa na mashine ikarudi ilivyokuwa. Tundu lililotobolewa kwenye ganda halizibiki. Basi anza na mashine ambayo ganda lake limekwisha kupasuka, au nunua ganda jipya ulitoboe hilo na la asili ulitunze. Bandika ndani karatasi ndogo inayosema waya zipi zimeunganishwa wapi. Atakayeifungua baada yako atakushukuru.

Tunaitoa kazi hii kwa Kiswahili kwa sababu mikono ya kuifanya tunayo. Fundi simu wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue kila siku analehemu vitu vidogo kuliko miguu ya gurudumu la volyumu. Kinachokosekana ni yeye kukaa meza moja na mtunzi. Fundi akiambiwa tu "irekebishe", atairudisha mashine ilivyotoka kiwandani, ilhali kiwanda hakikuwaza muziki wa jukwaani. Akielezwa sauti inatakiwa ifike wapi na ikiwa na hali gani, atapata njia, na pengine njia bora kuliko hii tuliyoieleza. Mtunzi naye, hata kama hatashika lehemu maishani mwake, anapaswa kuweza kuonyesha kwa kidole sauti yake inapita wapi kuanzia kwenye chipu hadi kwenye sikio la msikilizaji.

Makala zinazofuata zinaichukua safari hiyo hatua kwa hatua: chipu na mawimbi yake, kazi ya lehemu na tahadhari zake, utungaji kwa LSDj, na namna ya kuiweka sauti hii kwenye mixa bila kuifinya. Zisome ukiwa na chombo chako mwenyewe akilini, hata kama si Game Boy. Kinanda cha zamani, gitaa lenye kinasa kichovu, redio iliyogeuzwa amplifaya, vyote vinastahili uchunguzi huo huo kabla ya kuitwa duni. Mara nyingi utakuta udhaifu si wa chombo bali wa njia, na njia ya sauti, tofauti na chipu, ni kitu ambacho fundi wa mtaani kwako anaweza kukibadilisha wiki hii.