Ua la pasheni halistahili dharau

Mwanza inaijua pasheni kwenye glasi ya juisi. Ua lake wachache wamelitazama. Hasara yao! Nyuzi zake za zambarau na nyeupe zimetandazwa kama shanga, na juu yake kuna vichwa vitatu ambavyo wamisionari wa Kihispania, huko Amerika Kusini, walivifananisha na misumari ya msalaba.

Pasheni ya zambarau hupenda ubaridi wa milimani. Kwa joto la kando ya ziwa, ya manjano ndiyo inayofaa zaidi. Ila ina maringo: ua hufunguka mnamo saa sita mchana, hufunga usiku huohuo, na kwa kawaida hukataa chavua ya mche wake. Anayepanda mmoja tu ukutani huenda akavuna majani.

Apande miwili ya mbegu tofauti, tena asiwafukuze wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa. Hao ndio wachavushaji wake hodari.