Kiota si Anasa kwa Panya wa Maabara

Panya anayefugwa kwa ajili ya utafiti huhesabiwa na wengi kuwa ametunzwa akishapata chakula, maji na maranda makavu. Vitu vya kujengea kiota, mahali pa kujificha na kijiti cha kutafuna huitwa anasa, au mbwembwe za Wazungu. Dhana hiyo ni potofu, na ushahidi wa kuipinga umejaa kwenye maghala ya Mbinga.

Juu kwenye milima ya Umatengo, baridi ya Juni na Julai inapouma, panya aliyeingia ghala la kahawa haridhiki na kupata pa kulala. Hutafuna gunia, hukokota nyuzi hadi pembeni na kuzifuma ziwe kiota cha duara. Hata chini Mbamba Bay, kwenye joto la ufukwe wa Ziwa Nyasa, jike anayekaribia kuzaa hujenga vilevile. Hakuna aliyewafundisha.

Sababu ni mwili. Panya mdogo hahitaji nguvu za ziada kujipasha moto hali ya hewa ikifika nyuzi 30 hivi, ilhali maabara nyingi huwekwa kati ya 20 na 24, kiwango kinachomfaa binadamu aliyevaa koti. Katika kizimba kitupu, mnyama huyo hupambana na baridi usiku na mchana; hivyo utafiti wa unene au saratani unaofanywa juu yake hupima baridi pia, bila kuiandika. Mwaka 2013 watafiti wa Buffalo, New York, walionyesha kuwa uvimbe wa saratani ulikua polepole kwa panya waliokaa kwenye nyuzi 30 kuliko waliokaa kwenye 22.

Watetezi wasomi zaidi wa vizimba vitupu hudai kuwa vizimba vyenye vitu vingi huvuruga ulinganifu wa matokeo. Jaribio la maabara tatu lililochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2004 halikuona panya wakizidi kutofautiana. Gurudumu la kukimbilia nalo hudharauliwa kuwa dalili ya wazimu wa kifungoni. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walieleza jinsi panya huru wa porini walivyopanda gurudumu lililowekwa nje na kukimbia kwa hiari yao.

Kweli, si kila pambo hufaa: madume huweza kupigania kibanda. Kuhamishia kiota cha zamani kwenye kizimba kilichosafishwa hupunguza ugomvi, kwani harufu ya nyumbani hubaki. Na gharama? Tishu na vipande vya boksi havifilisi maabara.

Mfano wa matunzo hayo uko Morogoro: katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu na kifua kikuu, na ujira wao ni ndizi na karanga. Panya hao walisaidia kusafisha Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini mwaka 2015. Panya aitwaye Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alistaafu mwaka 2021 akiwa amegundua mabomu 71 Kambodia. Panya wanaofanya kazi hiyo hulala ndani ya vyungu vya udongo.