Kiyoyozi hakileti hewa mpya

Anayeshuka kutoka Sumbawanga, mji ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800, hadi Kirando, ambako Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, huuacha ubaridi wa Ufipa nyuma yake. Simshangai basi mwenye nyumba ya bati pale ufukoni atakaye kiyoyozi cha ukutani. Joto la usiku hunyima usingizi, nalo huwaelemea zaidi wazee, wajawazito na watoto wachanga. Kwao si anasa.

Ninachokipinga ni kujenga chumba chenye dirisha la kioo lisilofunguka, kwa hoja kwamba kiyoyozi kitaleta hewa. Hakileti. Mashine ya aina hii huivuta hewa ya chumbani, huipoza, kisha huirudisha ile ile. Kinachotolewa nje ni joto, likibebwa na gesi izungukayo katika mabomba ya shaba. Akiwamo mgonjwa wa kifua kikuu ambaye hajagundulika, wanaolala humo huvuta usiku kucha hewa aliyoikohoa. Kichujio cha kawaida cha mashine huzuia vumbi. Vijidudu hivyo havizuii. Kwa hiyo dirisha pana lenye wavu libaki, na lifunguliwe kila siku. Penye mtu anayekohoa kwa wiki mbili, lisifungwe kabisa, naye apelekwe akapimwe makohozi.

Fundi naye asimamiwe. Tundu la mabomba liinamie nje kidogo, kisha lizibwe kikamilifu, maana mbu hahitaji mlango. Maji yanayodondoka kutoka mashineni yasiachwe yakafanya dimbwi chini ya dirisha. Kabla ya gesi kufunguliwa, hewa na unyevu viondolewe katika mabomba kwa pampu maalumu. Fundi asiye nayo arudishwe, hata bei yake ikiwa ya kuvutia. Chandarua kibaki kitandani: chumba kilichopozwa hadi nyuzi 25 bado kinamfaa mbu wa malaria.

Tena yapo ya kutangulia. Bati lisilo na dari chini yake humwaga joto chumbani mchana kutwa, na jua la alasiri huko Kirando hupiga kutoka upande wa ziwa. Ningeanza na dari, na mwembe upande wa magharibi, ndipo nimwite fundi.