Sehemu ya 6: Nesi, unaitwa nani?

Mwenye kichanga anyonyeshe huku anasoma, leo siyo ndefu.

Sisi watu wa Dar kwa salamu hatujambo. Shikamoo, marahaba, za nyumbani, watoto hawajambo? Halafu tunaachana bila kuambiana majina! Ingia nyumba za kupanga hapa Buguruni, Malapa au Mnyamani, utakuta watu wanachota maji bomba moja mwaka mzima na bado ni "yule wa chumba cha uani". Mwenye mtoto ana nafuu, ataitwa Mama Aisha. Mwenye mimba ya kwanza je? Ni "binti aliyehamia juzi" tu.

Sasa saa nane usiku huyo binti anatokwa na damu, mume yuko kazini Kariakoo. Amgongee nani? Usiku mtu hugonga mlango wa anayemjua. Kwangu mimi kujitambulisha ni maandalizi ya kujifungua, sawa na kuweka kanga na nauli ya bajaji.

Kliniki ndiyo kuna kazi, na hapa nawasema wenzangu. Anayepaswa kuanza si mama, ni nesi. Kulikuwa na daktari Mwingereza, Kate Granger, aliyekuwa anaugua saratani. Mwaka 2013, akiwa amelazwa, aliona wengi wanaomhudumia hawamwambii hata majina yao. Akaanzisha kampeni ya kuwahimiza waanze kwa kujitaja. Alifariki 2016, lakini kampeni ikavuka mipaka. Kwetu ni maneno machache: "Karibu mama, mimi naitwa fulani, ndiye nitakayekupima." Sekunde tano. Foleni haichelewi kwa sekunde tano jamani.

Wapo wanaosema nesi akizoeleka haheshimiwi. Sikubaliani hata kidogo. Salamu zetu zenyewe zina mtego: ukiulizwa habari, mdomo unajibu "nzuri" kabla hujafikiri. Mama kichwa kinamgonga tangu jana, macho yanaona ukungu, anasema "nzuri tu nesi", anachukua kadi anaondoka. Na hizo zinaweza kuwa dalili za kuelekea kifafa cha mimba! Anayeogopa kutaja jina lake, hayo atamwambia nani?

Kwa hiyo mama, nesi asipoanza, anza wewe. "Shikamoo nesi. Naitwa Zuhura, natokea Rozana, mimba ya kwanza, miezi saba. Kuna kitu kinanisumbua." Ukimzidi umri, "habari yako mwanangu" inatosha. Kisha, "samahani, nikufahamu jina?" Akinuna, angalia kitambulisho kifuani, mara nyingi jina lipo hapo 😄

Kwenye benchi ni rahisi zaidi. Anzia kwa mtoto: "Wako ana miezi mingapi? Wangu minne." Majina yatafuata. Na ukiambiwa "mimi Mama Juma", uliza na jina lake mwenyewe. Ukimsindikiza hospitali usiku, mapokezi watataka lile la kwenye kadi, na "Mama Juma" halimo.

Jirani naye mfuate mchana, wakati wa kuanua nguo. Mwambie jina, mwambie una mimba ya miezi mingapi, na muachiane namba za simu.

Sehemu ya 7 ni begi la kujifungulia. Wenye mimba ya kwanza, maswali yenu weka hapo chini.