Ziwa Lina Tume, Bahari Ina Semina

Ndugu zangu wa nyumbani na wa ughaibuni,

Tukikutana tunagombana kuhusu katiba, sarafu moja, ardhi na nani atakuwa rais. Sijawahi kusikia tukigombania kinyesi. Leo naomba tukigombanie, maana kinaingia baharini kila siku na kinavuka mipaka bila pasi wala viza.

Tuanze na mambo ambayo hayana chama. Mto Msimbazi unapita viwandani na katikati ya makazi ya watu pale Dar es Salaam, unabeba majitaka na takataka, kisha unayamwaga baharini penye Daraja la Salender. Ng'ambo ya pili, majitaka ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yamemwagwa baharini kwa miaka mingi bila kusafishwa. Na ndugu zetu wa Nairobi wasicheke: Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unageuka kuwa Galana, Galana unakuwa Sabaki, na Sabaki unaingia baharini karibu na Malindi. Mtu anayetupa uchafu mtoni Nairobi anamlisha mtu wa Malindi uchafu huo.

Bahari nayo haisimami. Mkondo wa maji wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, kutoka Tanzania kuelekea Kenya. Wakati wa kusi unaendelea hadi Somalia. Kwa hiyo taka za jirani wa kusini ni mgeni wa kudumu wa jirani wa kaskazini.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo niseme la kazi yangu. Chaza na kombe hula kwa kuchuja maji. Maji yakiwa na kinyesi, vijidudu vinabaki ndani ya nyama yao. Mama anayeokota kombe maji yakipwa analeta nyumbani kitoweo na ugonjwa kwa pamoja. Halafu kinyesi ni mbolea: mwani unaota juu ya matumbawe na kuyasonga. Matumbawe yakifa, samaki hawana pa kuzalia, na mtoto wa mvuvi anakosa protini. Hospitali itampa drip anayeharisha, lakini hakuna wodi ya kulaza bahari.

Je, viongozi hawajui? Wanajua sana. Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi ulitiwa saini mwaka 1985. Ulianza kufanya kazi mwaka 1996, miaka 11 baadaye. Itifaki inayohusu uchafu utokao nchi kavu, ambao ndio uchafu wenyewe, ilipitishwa mwaka 2010. Miaka 25! Nchi za Bahari ya Mediteranea zilisaini mkataba wao Barcelona mwaka 1976, na itifaki yao ya uchafu wa nchi kavu ikasainiwa Athens mwaka 1980. Hao ni watu ambao baadhi yao walikuwa maadui wa vita, Waarabu na Waisraeli. Sisi tunaoitana ndugu, lugha moja, pilau moja, tumechukua robo karne.

Tazameni mifuko ya plastiki. Zanzibar ilipiga marufuku mwaka 2006, Kenya 2017, Tanzania Bara 2019. Kati ya Unguja na Bara ni safari ya boti ya saa mbili, lakini sheria ilichukua miaka 13 kuvuka. Kila mtu na lwake, na bahari ni ya wote.

Msiniambie Jumuiya ya Afrika Mashariki haiwezi. Ziwa Victoria lilipata itifaki yake mwaka 2003, na Tume ya Bonde la Ziwa ina ofisi Kisumu. Bahari haina tume yake ndani ya Jumuiya. Ina semina na posho. Na tangu Somalia ilipojiunga rasmi mwaka 2024, pwani yote kuanzia mdomo wa Ruvuma hadi Ghuba ya Aden ni ya wanachama wa Jumuiya moja. Kisingizio gani kimebaki?

Kuna watakaosema mkataba wa kikanda unaingilia uhuru wa nchi. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha iliizuia Tanzania kutekeleza mpango wa awali wa barabara ya lami kukatiza Serengeti, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Kenya la kutetea wanyama. Tanzania bado ni nchi huru. Ikiwa nyumbu wana wakili Arusha, mvuvi wa Vanga na wa Moa naye apate wake.

Wengine watasema sisi ni maskini, tusubiri tuwe kama Ulaya. Hapa Uingereza kampuni ya Thames Water ilipigwa faini ya pauni milioni 122.7 mwaka 2025, sehemu kubwa ikiwa ni kwa makosa ya majitaka. Utajiri haukuzuia uchafu. Tofauti ni kwamba kuna mtu mwenye mamlaka ya kuuliza na kutoza.

Hoja yangu ni hii: Jumuiya iunde tume ya pwani na bahari, yenye viwango vya majitaka vinavyobana kila mji, vipimo vinavyotangazwa hadharani, na faini. Wabunge wa Arusha waulizwe kwa majina.

Na sisi wa nje tusijifanye wakombozi. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya kinampa haki ya kushtaki mtu anayeishi katika nchi mwanachama, tena ndani ya miezi miwili. Mimi ninayebeba boksi huku sina haki hiyo. Mliopo Tanga, Lamu na Mombasa mnayo. Nyinyi wekeni saini, sisi tuchange ada ya wakili. Pesa tunazochangia harusi na kumbi za sherehe zinatosha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baharini ukuta haujengeki. Naomba kutoa hoja.