Upepo wa Matairi: Wito kwa Wenye Magari na Wasio Nayo

Waungwana, raia wenzangu wa Tanzania,

Madhali safari zetu za harusi na za msiba, za biashara na za masomo, hupita juu ya mipira iliyojaa hewa, na madhali hewa hiyo ina tabia ya kutoweka pasipo kelele, takriban paundi moja kila mwezi hata katika tairi lisilo na tundu, nimeona ni wajibu kuwaita nyote katika jambo ambalo aghalabu tumemwachia dereva peke yake, ilhali tairi lipasukapo halimchagui dereva.

Tairi lenye upepo haba hukunjika ubavuni kila linapozunguka, na kukunjika huko huzaa joto. Joto likizidi, nyuzi zilizofumwa ndani ya mpira hulegea na kuachana, ndipo tairi hupasuka, hususa adhuhuri, lami ikiwa moto, mwendo ukiwa mkali, na gari likiwa limeshiba abiria na mizigo. Watu hukusanyika kando ya njia wakasema ni kudura. Sikanushi kudura, walakini upepo uliopungua miezi sita bila ya mtu kuinama kuupima ni uzembe wetu, wala si insafu kumsingizia Mola.

Wako watakaojibu kwamba magari ya siku hizi yana taa ya kutahadharisha. Taa hiyo ina historia yake. Kule Marekani, baada ya matairi ya Firestone yaliyofungwa katika magari ya Ford Explorer kuachana ngozi na kuua watu zaidi ya 200, Kongresi ilitunga sheria mwaka 2000, na kwa sheria hiyo magari madogo mapya ya huko yakalazimishwa kuwa na taa ya manjano, yenye umbo mithili ya chungu kilicho wazi juu na alama ya mshangao ndani yake. Lakini kaida ya huko ni kwamba taa shurti iwake upepo ukishapungua kwa asilimia 25. Fanyeni hesabu: gari litakalo paundi 32 laweza kushuka hadi 24 na taa isiseme neno. Basi hata taa iliyo nzima huchelewa, na mwenye kuingoja iwake ndipo apime amekwisha kusafiri siku nyingi katika hatari.

Tena taa yenyewe haimo katika magari mengi tuliyoyapokea kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Na katika yale yaliyo nayo, kihisi kilichofungwa ndani ya gurudumu hutumia betri isiyobadilishwa peke yake, ambayo umri wake ni kati ya miaka 5 na 10. Gari likishuka bandarini Dar es Salaam, betri hiyo nayo aghalabu i karibu kufa. Ikifa, taa humetameta kwa muda kama wa dakika moja kila gari liwashwapo, kisha hutulia ikiwaka: maana yake ni kwamba kihisi ni kibovu. Iwakapo moja kwa moja bila kumetameta, upepo umepungua. Wako mafundi ambao, wakiombwa dawa ya taa hiyo, huifunika kwa utepe mweusi au kuing'oa balbu yake, na gari likauzwa kwa mtu asiyejua. Huo ni ulaghai, sioni jina jingine la kuupa.

Jingine huwahadaa wasafiri wa nyanda za juu. Alfajiri ya Njombe au Mbeya taa huwaka, na baada ya mwendo wa nusu saa huzimika, dereva akafurahi. Baridi hupunguza upepo, kiasi cha paundi moja na nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoshuka, na joto la mwendo huurudisha kwa muda; upungufu u pale pale. Kwa hiyo pimeni tairi likiwa baridi, kabla ya safari, wala msitoe upepo wa tairi lililo moto mkidhani umezidi.

Ninalowaomba ni tulifanye jambo hili kuwa la jamii. Wenye sheli, tengenezeni geji zenu, maana nyingi vioo vimevunjika na mshale hucheza upendavyo. Na sisi wateja tuache kunyamaza tukutapo geji mbovu, tuidai nzima kama tudaivyo chenji yetu. Wauzaji wa magari, ile karatasi ya Kijapani iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva iandikeni upya kwa Kiswahili: kilopaskali 220 ni paundi 32, na 240 ni paundi 35. Mteja akiisoma hatamwambia tena fundi pancha "jaza kawaida", wala hatafuata namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi, ambayo ni ya kikomo, si ya kujazia.

Nanyi abiria, msione haya kumwuliza konda kabla basi halijaondoka stendi iwapo matairi yamepimwa, hasa yale pacha ya nyuma, ambayo la ndani laweza kuishiwa upepo lisionekane, likamwachia mwenziwe mzigo wote. Chama cha madereva wa teksi, jumuiya ya msikiti au ya kanisa, wazazi wa shule moja, wanaweza kuchangia geji moja nzuri ikazungushwa kila mwezi. Wiki ya Nenda kwa Usalama huja mara moja kwa mwaka, na upepo huvuja miezi yote 12.

Wala msiisahau spea. Ile nyembamba iliyolala chini ya buti hutaka kilopaskali 420, yaani paundi 60, na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Itoeni wiki hii, ipimeni pamoja na zile nyingine nne.