Doddie Weir: Raga ilimpa jina, je, ndiyo iliyomuua?

Novemba 13, 2022, uwanja wa Murrayfield, Edinburgh. Kabla Scotland haijavaana na New Zealand, Doddie Weir aliingia akiwa kwenye kiti cha magurudumu na uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Siku 13 baadaye alifariki dunia akiwa na miaka 52.

Weir, mtoto wa mkulima, alicheza safu ya pili, nafasi ya wale warefu wanaosukuma skramu na kurukia mipira ya juu. Kati ya 1990 na 2000 aliichezea Scotland mechi 61.

Mwaka 2017 akatangaza kwamba ana MND. Ugonjwa huu huua neva zinazoendesha misuli: mtu hushindwa kutembea, kuongea, kumeza, mwisho hata kupumua. Hauna tiba. Weir hakujifungia ndani. Alianzisha taasisi iliyochangisha mamilioni ya pauni kwa ajili ya utafiti.

Ila kuna swali linaloumiza vichwa: mchezo wenyewe unahusika?

Oktoba 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitoa matokeo yao. Walilinganisha wanaume 412 waliowahi kuichezea Scotland na watu wa kawaida 1,236. Hatari ya kupata ugonjwa wa kusahau ilikuwa zaidi ya mara mbili. Ya MND? Mara 15.

Hapo lazima kuwa makini. MND ni ugonjwa wa nadra, hivyo waliohesabiwa ni wachache. Utafiti haukuthibitisha kwamba kugongwa kichwa ndiyo chanzo, na wachezaji hao waliishi muda mrefu kidogo kuliko wenzao. Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika raga ilimuua Weir.

Lakini kutokuwa na uhakika si sababu ya kukaa tu. Mchezaji hagongwi siku ya mechi peke yake, anagongwa wiki nzima mazoezini. Mwaka 2021 World Rugby ilishauri mazoezi ya kugongana kwa nguvu yasizidi dakika 15 kwa wiki. Huo ni ushauri, si sheria.

Wakati huohuo, mamia ya wachezaji wa zamani wako mahakamani wakiishtaki World Rugby pamoja na vyama vya England na Wales. Na mwaka 2025, nahodha wa zamani wa England, Lewis Moody, naye akatangaza ana MND.

Sayansi itachukua miaka kutoa jibu. Kupunguza kugongana mazoezini kunaweza kuanza Jumatatu ijayo.